Kamba Wadogo wa Ghala la Nyeri

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipopewa barua ya kwenda kufundisha Nyeri. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na serikali ilikuwa ikiwatawanya walimu huku na huku: wa bara wakaletwa pwani, wa pwani tukapelekwa bara. Mimi nimezaliwa Ngomeni, kupita Malindi, ambako mama yangu alimenya kamba huku akizungumza, macho yake yako kwingine kabisa, na asikosee hata mmoja. Nilipofika Nyeri niliambiwa mlima uko pale, nyuma ya mawingu. Nilikaa siku tisa kabla haujajitokeza.

Shule ilikuwa ya wasichana, nje kidogo ya mji, nami nilifundisha upishi na ushonaji. Nikapanga chumba Majengo kwa sababu ya msikiti, na kwa sababu niliambiwa huko ndiko nitakakosikia Kiswahili. Nilikisikia, ni kweli. Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa makamo, muuza vitumbua, mwenye ukarimu wa kutosha. Lakini jua likishatua kila mtu alikuwa na mlango wake wa kufunga, na baridi ya Julai iliifunga hata ile ambayo ingebaki wazi.

Shuleni walimu wenzangu walikuwa wema. Waliniuliza habari za kwetu, wakanisikiliza, kisha katikati ya sentensi mmoja angeingiza Kigikuyu, wa pili akajibu kwa Kigikuyu, kicheko kikalipuka, nami nikabaki nimeshika kikombe, natabasamu kwa mzaha nisioujua. Hawakukusudia kunitenga. Mtu akiwa kwao husahau kwamba mwenzake hayuko kwao.

Nilikula githeri, nikala irio, nikazoea mboga za malenge. Mwezi wa tatu nikaanza kutamani kamba kama mwanamke mwenye mimba anavyotamani udongo. Nilikuwa nikisahihisha madaftari, na ghafla harufu ya kamba wakipikwa kwa chumvi tupu inanijia, kamili, hata nageuka kutazama mlangoni.

Nikamwambia mwalimu wa hesabu, mama mmoja wa Othaya aliyekaa meza moja nami. Akashika kifua.

"Ati unakula hiyo wadudu?"

"Si wadudu."

"Iko na ndevu! Mume wangu aliona. Kuna store moja hapo chini inauzia hoteli za watalii. Wanaletewa kutoka Mombasa na lori." Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Pole, mwalimu. Kumbe hata chakula yako iko mbali."

Jumamosi iliyofuata nikaenda. Lilikuwa ghala la jumla, refu, la mabati, mwisho wa barabara ya maduka. Ndani mlipangwa magunia ya sukari na chumvi, miche ya sabuni, misumari kwa masanduku, mablanketi yaliyofungwa kwa kumi kumi. Nikamwendea karani wa mbele.

"Nataka kamba."

"Ya katani ama ya nailoni?"

"Kamba wa kula."

Aliweka kalamu chini. "Ya kula?" Akamwita mwenzake, akamweleza, na yule naye akawaita wengine wawili. Nikajikuta nimezungukwa na wanaume wanne wanaotaka kujua mtu anakulaje kamba. Kiswahili changu kizuri hakikunifaa kitu. Nikaweka vidole viwili pande za mdomo, nikavichezesha kama ndevu za kamba. Wakapiga kelele kwa pamoja:

"Aaa! Hiyo ni ya mzee wa barafu!"

Nikaelekezwa nyuma, kwenye mlango mzito wa mbao wenye komeo la chuma. Mbele ya mlango huo palikuwa na meza iliyofunikwa bati, na mtu wa miaka kama hamsini, amevaa koti la jeshi lililomfika magotini na kofia ya sufu. Alikuwa akifungua masanduku ya mbao yaliyojaa barafu na vumbi la msumeno. Ndani ya barafu ile walilala kamba.

Sijui nilisimama muda gani. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimeondoa viganja mfukoni, na baridi sikuisikia.

"Hapa hatuuzi rejareja," alisema bila kuinua uso. "Uko na hoteli?"

"Sina hoteli. Nina sufuria. Mimi ni mwalimu."

Hapo akanitazama. Hakucheka kama wale wa mbele.

"Wewe ni mtu ya wapi?"

"Ngomeni. Kupita Malindi."

Mikono yake ilibaki ndani ya barafu. Nikadhani hajanisikia, nikataka kurudia, lakini akasema polepole: "Wapishi ya hoteli wanachukua kubwa peke yake. Hizi kidogo zinabaki. Chagua."

Hakujua kwamba alikuwa amenipa walio bora. Kamba wakubwa ni wa kupendezesha sahani. Utamu uko kwa wadogo. Nikainama mezani, nikafanya nilivyofundishwa nikiwa mtoto. Unamshika kamba kiunoni, unambonyeza: akirudisha kidole, mchukue. Kichwa kiwe kimekazana na mwili, kisiyumbe. Gamba ling'ae kama kucha iliyotoka kuoshwa. Ukiona weusi kwenye maungio ya gamba, mwache. Na mwisho unamnusa. Kamba mzima hunuka maji ya chumvi tu.

Nikatenga fungu langu. Yule mzee alinyoosha mkono, akamtoa kamba mmoja katikati ya fungu, akamtupa kwenye ndoo.

"Hiyo hapana."

"Ana nini?"

"Angalia mato yake."

Nikainuka. Mato. Hakusema macho. Bibi yangu mzaa mama alisema mato. Wazee wa kwetu na wa Lamu wote ndivyo wasemavyo, na tangu nitoke nyumbani nilikuwa sijalisikia neno hilo hata mara moja. Sasa nalisikia kwa mtu wa Nyeri, mbele ya mlango wa barafu.

"Umesemaje, mzee?"

"Nimesema macho."

"Umesema mato."

"Macho, mwarimu," alijibu, akalifunga fungu langu ndani ya gazeti, akanipa kisogo.

Chumbani nilikuwa na nazi mbili alizoniletea kaka yangu kwa basi, na mbuzi yangu ya kukunia niliyosafiri nayo kutoka kwetu hata wenzangu wakanicheka. Nikakuna nazi, nikachuja tui, nikawapika kamba kwa bizari na pilipili mbichi. Mwenye nyumba akafuata harufu hadi mlangoni.

"Leo umetuletea bahari, mwanangu."

"Karibu, mama. Kaa tule."

Akachovya kipande cha chapati kwenye mchuzi, akausifu, lakini kamba wenyewe akawakataa kwa kutikisa mkono. Alikuwa na vitumbua motoni. Akaenda zake.

Basi nikala peke yangu. Kwetu kamba huliwa kwa maneno: nani kamenya vibaya, nani kajichagulia wakubwa, mtoto gani keshaiba watatu na amewaficha shavuni. Chumbani mwangu nilisikia meno yangu mwenyewe. Kamba walikuwa watamu, nami niliwamaliza wote, kisha nikakaa na sahani mapajani mpaka mchuzi ukaganda.

Nikawa naenda kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mzee wa barafu alikuwa ameshanitengea wadogo katika beseni, nami nikawachagua upya mbele yake. Hakukasirika. Nadhani alipenda kuona. Mara nyingine tulimgusa kamba mmoja sote wawili, tukatikisa vichwa kwa pamoja, naye akaenda ndooni. Hatukusema mengi. "Umeamkaje, mzee?" "Mzuri kidogo, mwarimu. Hiyo baridi inakuzoea?" Hivyo ndivyo alivyouliza kila mara, kama vile baridi ndiyo iliyotakiwa kunizoea mimi.

Miezi ikapita. Siku moja ya mvua za Aprili, maji yakitiririka barabarani kama mto, nilifika nikamkuta peke yake. Wapishi wa hoteli walikuwa hawajaja. Akaweka birika juu ya jiko la makaa, akamimina chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, akanivutia kreti nikae. Tulikunywa tukisikiliza mabati. Ndipo akasema, bila kuulizwa:

"Nilikaa huko kwenu miaka tatu."

"Ngomeni?"

"Hapana. Manda. Kisiwa hiyo iko mbele ya Lamu. Wakati ya hali ya hatari."

Nikaelewa. Nilikuwa msichana mdogo wakati ule, na wakubwa walikuwa wakinong'ona kuhusu watu wa bara waliopinga wakoloni, wanaopitishwa kwa malori wakiwa wamefungwa, kwenda kuvushwa visiwani. Tulikatazwa kuwatazama.

"Walinitoa hapa Tetu," akaendelea. "Nilikuwa sijaona bahari. Siku ya kwanza niliona hiyo maji haina mwisho, nikasema, sasa hata mlango hawana haja ya kufunga."

Walimtia jikoni kwa maofisa. Ofisa mkubwa alipenda kamba, na siku iliyopatikana hata mmoja mbaya sahanini, aliyechapwa ni mpishi. Mzee mmoja wa Lamu aliyekuwa akiwaletea samaki alimhurumia, akamfundisha chini kwa chini: shika hapa, nusa hapa, angalia mato.

"Kwa hivyo mimi nilijifunza hii kazi kwa mgongo," alisema. "Wewe ulijifunza kwa mama yako. Lakini ni kazi moja."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kuwala.

"Mara moja. Niliiba moja, kidogo kama hii." Akaonyesha kidole chake cha mwisho. "Walinishika ikiwa bado kwa mdomo."

Akanieleza alivyorudi: shamba lake limegawanywa, mama yake amezikwa, na mke wake, aliyeambiwa kwamba mume amekufa, ameolewa na mwingine. "Tunakutana kwa soko. Ananisalimia vizuri," alisema. Alikuwa akibeba magunia ya chumvi katika ghala lile mpaka mwenye ghala alipoanza biashara ya barafu na kuuliza nani anavijua vitu hivi. Katika wafanyakazi wote ni yeye tu aliyejua.

Nilirudi Majengo nimelowa, na furushi langu la kamba kwapani. Sikupika siku ile. Niliwafukia kwenye chumvi, nikakaa dirishani. Nilikuwa nimejihesabu kuwa mpweke kuliko watu wote wa mji ule, na kumbe kulikuwa na mtu ambaye upweke wake ulikuwa umeanza kwetu, mbele ya ile bahari niliyokuwa nikiililia.

Sikukuu ya Idi ilipofika sikuwa na jamaa wa kula naye, nikamwalika. Alikuja mchana, amevaa koti jeusi la kanisani lililopigwa pasi, na mkononi mkate na sukari vimefungwa kwa karatasi. Wanawake wa uani walitazamana. Mimi nikaacha mlango wazi, pazia nikalifunga juu, asiwepo wa kusema neno.

Nilikuwa nimepika wali na kamba wa nazi. Akanawa, akakaa, akamchukua kamba mmoja. Vidole vyake vilimmenya upesi kuliko vyangu. Akamtia mdomoni.

Hakutafuna. Alikaa naye mdomoni, mikono juu ya magoti, macho kwenye ukuta. Kisha akainuka taratibu, akatoka hadi bombani uani. Nikasikia maji. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa.

"Samahani, mwarimu. Mwili imekataa."

"Nikukaangie mayai?"

"Hapana. Kula wewe. Mimi nitakaa."

Akala wali mtupu na kipande cha mkate. Na alipoona mimi nimeona haya kula, akalivuta bakuli, akaanza kumenya. Alimenya kamba mmoja baada ya mwingine, akawaweka kwenye sahani yangu, wasafi, mikia imeelekea upande mmoja. Tangu nilipokuwa mtoto hakuna aliyenimenyea. Nilikula. Nikamweleza jinsi kaka yangu alivyoanguka kisimani akiwa na kapu la kamba na alivyotoka nalo, na yeye akacheka hata akajifuta machozi kwa mkono uliokuwa na pilipili, tukacheka tena kwa hilo. Siku ile moja, katika mwaka wote ule, sikula peke yangu.

Mwaka uliofuata mvua za masika zilikuwa kali. Lori la kutoka Mombasa lilikwama njiani, likaingia Nyeri limechelewa siku mbili. Mimi sikujua. Nilikwenda Jumamosi yangu kama kawaida, nikamkuta mwenye ghala mwenyewe amesimama pale nyuma, mtu mnene mwenye miwani, na dereva wa hoteli moja anangoja na gari lake nje ya mlango.

Masanduku yalikuwa yamefunguliwa. Barafu yote ilikuwa imekwisha, na vumbi la msumeno limegeuka uji. Mzee wangu alisimama mbele ya meza, ameshika kamba mmoja.

"Osha, weka barafu mpya, pakia," mwenye ghala alimwambia. "Watalii hawajui tofauti."

Mzee hakusogea, wala hakujibu.

Nami, kwa mazoea tu, nilikuwa nimeshainama mezani. Kichwa kilibaki mkononi mwangu, mwili ukaanguka. Nikanusa. Na kabla sijafikiri, kwa ile sauti yangu ya darasani inayofika dawati la nyuma, nikasema: "Hawa wameoza. Mtu akila hawa ataugua."

Dereva wa hoteli alisikia. Akaja, akanusa, akakunja uso, akasema yeye hapakii. Akawasha gari lake akaenda.

Mwenye ghala hakunigeukia mimi. Alimgeukia mzee.

"Ni wewe umemleta huyu mwanamke hapa? Nilikutoa kwa chumvi nikakupa kazi ya kiti, wewe mtu wa kizuizini, na hii ndiyo shukrani?"

Akaendelea kumtukana, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Na yule mzee akanyoosha mikono mbavuni, akainua kidevu, akatazama mbele juu ya kichwa cha yule bwana. Hakupepesa. Nikaona jinsi alivyokuwa akisimama miaka ile mitatu kila asubuhi wakihesabiwa. Mwili wake ulikuwa bado unakumbuka.

"Ni mimi niliyesema," nikasema. "Yeye hakusema neno."

"Mwarimu," alinijibu bila kunitazama, "enda nyumbani."

Nikaenda. Nilijua nimesema kweli. Njia nzima nilijiambia hivyo, na kila nilipojiambia nilizidi kumwona amesimama vile.

Shule zilifungwa wiki iyo hiyo, nikasafiri kwenda kwetu. Nilimsimulia mama habari zote. Akaingia ndani akatoka na mkeka wa ukindu aliokuwa ameusuka kwa ajili ya chumba chake. "Mpelekee," alisema. "Mwambie sisi tulikatazwa kuwatazama."

Niliporudi Nyeri nilikwenda ghalani moja kwa moja na ule mkeka. Nyuma nilimkuta mtu mwingine, kijana mwenye haraka, anachota kamba kwa koleo kama kokoto. Koti la jeshi lilikuwa limening'inia kwenye msumari.

"Yule mzee alitoka kazi," alinijibu. "Alienda upande ya Kerugoya, kwa dada yake. Unataka kilo ngapi?"

Nilinunua. Wengi wao niliwatupa.

Nilingoja mpaka likizo ya Agosti. Kerugoya sikujua mtu. Nikaenda sokoni, nikauliza kwa wauza nafaka, mmoja baada ya mwingine, jina lake sikuwahi kuliuliza, na nilichokuwa nacho cha kumtambulisha ni hicho tu: mtu wa Tetu, mrefu, aliyewahi kukaa kisiwani. Wengine walinicheka. Mama mmoja muuza maharagwe aliacha kupepeta.

"Huyo ni ndugu yangu. Wewe ni nani?"

"Mwalimu kutoka Nyeri."

Akamwachia jirani ungo wake, akanipeleka kwa miguu, kilima na bonde, mpaka kwenye boma dogo lenye migomba na kahawa changa. Mzee alikuwa analima. Sikumtambua mara moja, kwa sababu alikuwa amevaa shati tu, kifua wazi kwa jua, na alikuwa amenenepa. Akatupa jembe, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nyumbani kulikuwa na mwanamke, mjane mwenye watoto wawili, aliyekuwa amemwoa kwa taratibu zote mwezi uliopita. Mwanamke yule alinikaribisha kiti, akamuuliza mumewe kwa Kigikuyu mimi ni nani.

Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza Kigikuyu kiasi. Wao hawakujua. Akamjibu mkewe: "Huyu ni mtu wa kule nilikofungwa."

Nilikuwa nimebeba mkeka magotini. Nikautazama. Nilikuwa nimejiandaa kusikia mwalimu, au rafiki, au hata mteja. Aliponitazama aliona kwamba nimeelewa.

Tulipomaliza chai akanionyesha kahawa yake. Tukatembea katikati ya mistari, yeye mbele.

"Umejua Kigikuyu," alisema.

"Kidogo."

"Sijasema kwa ubaya."

"Najua."

Akang'oa jani kavu, akalisaga kwa vidole.

"Mbona hukuniaga, mzee? Ni kwa ajili ya siku ile?"

"Siku hiyo ulisema ukweli. Mimi nilijua kabla yako, nikanyamaza. Hiyo kunyamaza ndiyo ilinifukuza. Niliacha kazi mwenyewe, hakunitoa." Akapangusa vidole. "Kukuaga nilishindwa. Ukikuja kila mwezi nilikuwa nafurahi, mwarimu. Kweli. Lakini ukienda, nabaki na hiyo kisiwa wiki mzima. Sauti yako ni ya huko. Vile unashika hiyo vitu ni ya huko. Si makosa yako."

Mimi nilikwenda pale kila mwezi nijisikie niko kwetu, na kila nilipojisikia hivyo, yeye alirudishwa kifungoni. Wala hakuwahi kunifukuza. Alinitengea wadogo katika beseni, akanichemshia chai.

Nikampa maneno ya mama. Akayarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Mwambie nimesikia," alisema. "Mwambie kuna mmoja alitazama, yule mzee wa samaki. Mmoja anatosha."

Mkewe aliutandika mkeka pale pale chini ya migomba, akawakalisha watoto, akausifu kwa sauti. Yeye alisimama pembeni, akachutama, akapitisha kiganja juu ya ukingo wake mara moja. Hakukaa. Walinifungia maharagwe, wakanisindikiza wote mpaka njia panda.

Sikurudi Kerugoya. Nilikaa Nyeri miaka mingine kumi na minne, nikafundisha wasichana ambao leo wana wajukuu, nikakizungumza Kigikuyu hata wageni wakanidhani mwenyeji. Mwalimu wa hesabu alihamia Othaya kwao. Ghala lile liliacha biashara ya barafu hoteli zilipoanza kuleta vyakula kwa malori yao. Mzee aliniletea salamu kupitia kwa dada yake kila mavuno, nami nikampelekea zangu, na salamu hazikuwa na sauti ya kumsumbua.

Asubuhi moja ya likizo dada yake alifika Majengo, amejitanda leso nyeusi, akauliza nyumba ya mwalimu wa pwani. Ndugu yake alikuwa amekufa na wameshamzika wiki iliyotangulia. Hakuugua sana, alisema. Alikuwa kwenye kahawa yake. Nikamwingiza ndani, nikachemsha chai, nikamwekea na mkate. Alikaa mpaka adhuhuri. Hatukuwa na mengi ya kusemezana, lakini hakuharakisha kuondoka, nami sikumharakisha.